Mzee Sembuli Apata Wajukuu

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimepata wazo! Riwaya ya kihistoria, ya kwanza maishani mwangu, juu ya watu wa kwanza kufyeka pori la Munisagara na kulima. Jasho, simba, njaa, mapenzi. Nimefunga kibanda changu cha fotokopi hapa Magomeni yetu ya wilayani, si ile ya jijini, kwa wiki mbili. Wateja watasubiri. Mwalimu Lupakisyo alipita, akauliza kulikoni. Shairi lake moja lilitoka kwenye jarida la usharika mwaka juzi, na tangu hapo anatembea taratibu kama askofu. Nikamwambia naenda kutafuta riwaya. Akanitakia heri kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Ataona.

Jumatatu, 7 Julai

Munisagara. Nimefikia kwa shangazi Selestina, dada yake marehemu baba. Ana eka mbili kando ya kijito. Ndizo zinazomlisha, na ndizo zilizonisomesha. Nikaenda kwa Bibi Magreti, aliyewapita wote hapa kwa umri. Nikamwamkia, akaitikia, nikafungua daftari. Alisema babu yake alishuka kwenye treni, akakata mkonge kwa mzungu, mkataba ukaisha, akalima. Basi. Nikauliza habari za simba. Akasema labda walikuwepo, yeye hakusikia. Nikauliza habari za mapenzi. Akaniuliza kama nimeshakula.

Hii si historia, ni ratiba ya treni. Nimerudi kwa shangazi nimenuna.

Jumatano, 9 Julai

Nimekaa shambani kwa shangazi tangu asubuhi, natafuna muhogo wa kuchoma. Ghafla akanijia! Mzee Sembuli. Nimemtunga mwenyewe, kuanzia ndevu hadi visigino. Kaja kwa miguu kabla ya Mjerumani, na shoka moja. Kaua simba wawili. Kapanda juu ya kichuguu, katangaza kwamba ardhi yote kuanzia mwarobaini mkubwa hadi kona ya kijito ni yake na ya uzao wake. Mwarobaini na kona nimevichukua palepale nilipokaa, maana mwandishi hutumia anachokiona. Kurasa kumi na moja kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi, 12 Julai

Mkutano wa kijiji. Nilimbembeleza mtendaji aniweke kwenye Mengineyo. Wakaanza na choo cha shule, wakaja kwenye mbwa wanaozurura, kisha mimi. Nikasoma sura nzima. Makofi! Hata watoto waliobebwa mgongoni walipiga. Nilisahau kusema kwamba ni riwaya, lakini nani hukatiza makofi yake mwenyewe ili atoe maelezo? Hussein Mwinjuma, jirani wa shangazi shambani, alifuta machozi mbele ya watu. Akasema Sembuli ni babu wa babu yake, na habari zake amezisikia tangu utotoni.

Nimemtunga mtu mpaka ana wajukuu. Lupakisyo amewahi?

Jumapili, 13 Julai

Hussein amepiga vigingi kwenye shamba la shangazi, kuanzia kwenye mwarobaini. Alasiri akaja Tomasi, wa ng'ambo ya reli, na vigingi vyake. Anadai Sembuli alikuwa na wake wawili, na yeye ni wa uzao wa mke mdogo. Mke mdogo! Sikumfikiria kabisa. Nimemwandika papo hapo, na sura ya pili imekaa vizuri sana.

Shangazi ameviona vigingi vyote. Ameniwekea chakula bila kunitazama. Tumeitwa baraza la kata Jumatano. Hussein na Tomasi wakishinda, hana pa kulima. Nimeandika sentensi hiyo, nikafunga daftari.

Jumatano, 16 Julai

Baraza. Watu wengi kuliko siku ya mkutano, na Lupakisyo kapanda bodaboda toka mjini aje kunitazama. Nikasimama, nikasema kweli: habari za Sembuli sikuzisikia popote, nimemtunga. Iliniuma sana kusema hivyo mbele ya yule mtu. Hussein akaomba kwa upole nisamehewe, kwa kuwa namwogopa shangazi yangu. Tomasi akaafiki. Wajumbe wakataka nithibitishe kwamba Sembuli hakuwahi kuwepo. Nitathibitishaje? Nikaapa. Wakasema mtu ambaye hakuwepo hawezi kujulikana mpaka ndevu zake. Nakiri, nilifurahi kidogo.

Ndipo shangazi akasimama. Akauliza mpaka wa Sembuli unaanzia wapi. Wote wakajibu, kwenye mwarobaini. Akasema mti huo aliupanda yeye, mwaka nilipokuwa darasa la tatu, na aliyekuwa akiumwagilia kwa kopo huku akilalamika ni mimi. Bibi Magreti akasema ni kweli, mche aliutoa yeye. Baraza zima likacheka, hata Hussein. Lupakisyo alicheka mpaka akakaa chini. Kabla ya adhuhuri vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa.

Shangazi amebaki na shamba lake. Nilimshika mikono nikalia, sikuona aibu. Akasema amenisamehe, na kwamba binamu yangu Happiness ana chumba kitupu Mikumi, na basi linaondoka saa tisa.

Ijumaa, 18 Julai

Mikumi. Hewa safi, malori, mgahawa wa Happiness umejaa tangu asubuhi. Nimelitafakari kosa langu siku mbili nzima na nimeligundua. Ni mti! Mti hupandwa, na aliyeupanda anaweza kuja na mwaka wake. Sembuli alihitaji mpaka wenye umri.

Leo nimeanza upya. Mfugaji wa kwanza kufika huku, na ng'ombe sabini. Safari hii nimeweka mto. Hakuna shangazi aliyechimba mto. Nikamsomea Saibulu, mfugaji anayemletea Happiness maziwa. Alisikiliza bila kupepesa macho. Akasema huyo ni babu yake, hana shaka. Kisha akauliza ni upande gani wa mto. Nikamwambia upande wa kulia, wote, mpaka barabara kuu. Amenishukuru sana, na amempigia simu kaka yake Kulet aje na kamba ya kupimia.

Wasomaji wawili tayari, na sura ya kwanza haijaisha.