Barabara Yenu Inanirudishia Mume Kila Jioni

Kwa Mhandisi Mkuu,
Ofisi ya Barabara.

Ndugu Mhandisi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA LAMI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na meza isiyo na mafaili mengi. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo njia panda, mkabala na mashine ya kusaga. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mahindi mjini. Siku ulipokuja kukata utepe nilipiga vigelegele kama wenzangu. Naomba nivifute vigelegele vile, kwa sababu zifuatazo:

1. Mume anarudi. Zamani aliondoka Jumatatu, akakwama matopeni, akarudi Alhamisi amejaa udongo hadi kwenye kope. Anakula, analala, anaondoka. Tulipendana sana. Tumeoana miaka kumi na miwili, lakini ukitoa muda aliokwama njiani, sisi bado ni maharusi. Sasa anatoka alfajiri, na jua halijazama yuko mlangoni anauliza kuna nini cha kula. Mtu kaniaga asubuhi, hata sijaanza kumkumbuka, huyo!

2. Ameingia jikoni. Amepanga sufuria zangu kwa ukubwa kama matairi. Juzi kasimama nyuma yangu, akasema, "Mke wangu, moto huo mkali, punguza kidogo." Nikamuuliza, "Mimi nimewahi kukufundisha kubadili gia?" Akajibu hapana, ila kama nina maoni yuko tayari kuyasikiliza. Ndugu Mhandisi, unagombana vipi na mtu wa namna hiyo?

3. Watoto wamenigeuka. Walimzoea baba mgeni, wa biskuti. Wiki ya kwanza ya lami, kitinda mimba alininong'oneza, "Mama, huyu baba anaondoka lini?" Nikamwambia avumilie. Leo huyo huyo anashinda langoni akisubiri honi, nami sina wa kunitungia uzi kwenye sindano. Isitoshe, baba yao anakagua madaftari, na amegundua kwamba miaka yote nimekuwa nikiweka tiki kwa kuangalia uzuri wa mwandiko.

4. Kazi yangu imeingia doa. Mteja alipokuja kudai gauni nilikuwa namwambia, "Uzi umekwama njiani, dada yangu, na mume wangu yumo humo humo." Alinipa pole na kwenda zake. Sasa uzi unafika siku hiyo hiyo. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja alivaa gauni lake siku ya harusi yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea kibandani kwangu. Wenzake wamesikia, na wote wanataka hivyo hivyo.

5. Hatuwezi kugombana vizuri. Zamani tukikorofishana Jumatatu, hadi Alhamisi nimeshasahau kosa lilikuwa la nani. Sasa nanuna asubuhi, anarudi jioni, mnuno bado wa moto. Na ameanza tabia mbaya ya kuomba msamaha. Jumanne alisema "nisamehe" kabla sijafika hata katikati ya maneno niliyokuwa nimeyapanga mchana kutwa.

Kwa hiyo naomba shimo. Siombi barabara yote ifukuliwe, mimi si mtu wa makuu. Shimo moja tu la heshima, lenye uwezo wa kushikilia lori siku mbili bila kuvunja springi, maana lori ndilo linalotulisha. Lichimbwe karibu na nyumba ya seremala, mkewe ni mkarimu, atampa chai. Na lisiwe bondeni, tafadhali, kuna baridi, na kifua cha mume wangu hakitaki baridi.

Wasalimie wapima ardhi wote, dereva wa greda, na yule binti aliyekuwa akisimamisha magari kwa kibao chekundu. Mwambie sketi yake iko tayari.

Ni mimi, mpenda maendeleo ninayeumizwa nayo,
Fundi Cherehani wa Njia Panda.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha mvua kubwa imenyesha, na watu wa mashine ya kusaga wanasema maji yamekula ukingo wa lami pale darajani. Muda wa mume wangu kurudi ukapita, honi sikuisikia. Nimetoka kuchungulia barabarani sijui mara ngapi, nimeunguza mboga, na nimemfokea mteja asiye na kosa lolote. Sasa hivi ndiyo anaingia, mzima, alizunguka njia ya juu. Tafadhali sana, tuma watu kesho wajenge ukingo huo, na uwe imara, wa zege. Shimo silitaki tena, hata dogo. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Akikuuliza ndani mna nini, mwambie ni habari za daraja tu.