Marekebisho Kuhusu Mchawi Mwenye Kalamu Nyekundu

Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Vijana,

Salamu, na pole na kazi. Mimi ni mwandishi wa habari za mahakama, huu ni mwaka wangu wa ishirini na saba, na nimeolewa na baba wa yule msichana ambaye riwaya yake mnaipeleka kiwandani mwisho wa mwezi. Mtoto huyu wa mume wangu aliniletea prufu, nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa, Jumamosi. Aliiweka mezani, akasema nikiona kosa nisimwambie yeye, nikuandikie wewe, maana tukilijadili sisi wawili hatutasemeshana wiki nzima. Natii. Nimefika ukurasa wa 291 kati ya 304 na makosa niliyonayo yanatosha. Mahakamani pia huwa tunatoka kabla hukumu haijasomwa yote, ili tuwahi gazeti.

1. Kiatu. Riwaya inasimulia upya ile hadithi ya zamani ya yatima, karamu ya mwana wa mfalme na kiatu kilichoachwa ngazini. Sina ugomvi na uchawi. Ugomvi wangu ni kioo. Nilimpelekea fundi viatu wa mtaani kwetu ukurasa wa 140. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Mama, hicho hakishoneki, na akicheza nacho muziki mtamuokota vipande." Zaidi ya hapo, mwana wa mfalme anamtambua mchumba wake kwa saizi ya mguu. Nilipitisha kiatu changu, saizi thelathini na nane, katika chumba chetu cha habari. Kiliwaenea watu wanne, mmoja wao mhariri wa michezo, ambaye ana ndevu. Kwa ushahidi wa namna hiyo hakimu angeahirisha kesi. Palipoandikwa "kiatu cha kioo" pasomeke "kiatu cha ngozi", na mwana wa mfalme atafute shahidi wa pili.

2. Mchawi. Mama wa kambo wa yatima huyo ni mchawi mwenye kalamu nyekundu. Neno lolote analolikata kwa kalamu hiyo, kitu chenyewe kinatoweka duniani. Anakata "mwezi", mbingu inabaki nyeusi. Anakata "wimbo", watu wa mji mzima wanabaki wameachama. Sheria yake ni moja: neno lisilofanya kazi likatwe. Ndugu Mhariri, sheria hiyo ni yangu. Nimeibandika juu ya meza yangu ofisini, na nakala nyingine iko nyumbani, mlangoni mwa friji. Mchawi vilevile ananing'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu, anakunywa chai iliyopoa, na akiambiwa jambo lolote, hata kwamba mvua inanyesha, anauliza, "Nani kasema?" Nilimuuliza mume wangu kama anaona mfanano wowote. Alikwenda kukaza bomba la jikoni, ambalo halivuji.

3. Mateso. Ukurasa wa 33, mchawi anamlazimisha yatima kuandika upya barua ya kumuaga marehemu mama yake mara tisa. Huu ni uzushi. Ilikuwa insha ya shule, iliitwa "Mama Yangu", mtoto wa mume wangu alikuwa na miaka tisa, na nilimrudishia mara nne tu kwa sababu ilikuwa na maneno mengi ya kusifu. Alipata alama ya juu kuliko darasa zima. Hakunionyesha insha nyingine kwa miaka sita. Naomba takwimu irekebishwe.

4. Cheo. Nimehesabu. Maneno "mama wa kambo" yametajwa mara 214, na bado sijamaliza. Nyumbani kwetu hayajawahi kutamkwa hata mara moja. Yeye ananiita Anti, tangu siku ya kwanza, miaka kumi na mitatu sasa, kwa adabu. Sijawahi kulalamikia hilo. Anti ni neno fupi na linafanya kazi. Lakini dereva wa ofisi aliiona prufu kwenye mkoba wangu, na tangu Jumatatu ananiita Bi Kalamu.

Kwa hiyo naomba mchawi aondolewe. Ikishindikana, awe mwanamume. Ikishindikana hilo, awe mhasibu. Na kama yote hayo hayawezekani, apewe haki ya kusikilizwa: sura moja ya kujitetea, katikati ya kitabu. Nimeshaiandika na nimeiambatanisha. Ilikuwa na maneno mia nane, nikaikata, yakabaki kumi na moja. Mkiikataa, simamisheni mashine.

Nisalimie msomaji wa prufu, ambaye amepitwa na koma mbili ukurasa wa 58. Mchoraji wa jalada, ambaye sijui pua ile ya mchawi kaipata wapi. Na dada wa mapokezi aliyeniambia kwenye simu mara tatu kwamba umetoka sasa hivi.

Nasubiri majibu, kwa maandishi,
Mke wa baba wa mwandishi.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemalizia kurasa kumi na tatu zilizobaki, nisije nikaambiwa sikusoma. Ukurasa wa 303 yatima ameshaiiba kalamu nyekundu. Mchawi amesinzia kitini, miwani kifuani. Katika daftari la majina ya watu wa mji ameandikwa "Mama wa Kambo", na yatima akiyakata maneno yote matatu, mchawi atatoweka. Anayakata mawili ya mwisho. Pembeni anaandika: neno lisilofanya kazi likatwe.

Naomba ukurasa huo asiuguse mtu yeyote, nikiwemo mimi. Mchawi abaki, na pua yake. Kioo kibaki, fundi viatu nitazungumza naye mwenyewe. Kuhusu namba 3, nimefungua madaftari yangu ya zamani: ilikuwa mara tisa. Barua naituma hivi hivi, kwa kuwa katika kazi yetu kosa halifichwi, linasahihishwa. Palipoandikwa "mtoto wa mume wangu", pasomeke "binti yangu".