Kiingereza ya Raja

Jumatatu, 1 Julai 1968

Nimejiletea shida. Asubuhi Bwana Meneja alisimama mbele ya wachumaji chai wote, akauliza nani amemaliza darasa la saba. Johana, karani wa mizani, akainua mkono. Halafu akaniangalia, akacheka. Mkono yangu ikapanda yenyewe. Mimi! Niliachia darasa la pili. Kazi yangu ni kukata nyasi kwa Bwana.

Kumbe ni kazi ya kufundisha Kiingereza. Watu kumi kwa Johana, kumi kwangu, kila siku majani ikishapimwa. Jumamosi Bwana atakuja kuwajaribu mwenyewe. Mwalimu atakayeshinda atakuwa karani wa stoo, chini ya mabati, mvua ataisikia tu. Aliyedanganya juu ya masomo yake atakunja blanketi siku hiyo hiyo aende kwao. Kwetu Kisii shamba imegawanywa kwa ndugu zangu wanne. Sikuachiwa hata pa kufunga mbuzi. Ugali imenishinda leo.

Jumanne, 2 Julai

Nimechungulia darasa ya Johana. Anaandika kwa ubao, wanaimba nyuma yake: ai amu, yu aa, hi izi. Anayekosea anasimamishwa kwa jua. Hakuna anayejua anaimba nini. Lakini wanaimba kwa nguvu, na hiyo ndiyo inaniogopesha.

Mimi nikawaambia watu wangu leo ni siku ya kujuana. Wanakaa laini moja ya nyumba za wafanyakazi miaka sita. Wakajuana tena. Mama Bochaberi, anayejaza kikapu kabla ya mwanaume yeyote, akaniuliza Kiingereza iko wapi. Nikasema inakuja.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata! Nilikuwa nakata nyasi, Bwana akatoka na mbwa yake, Raja. Akasema sit, Raja akakaa. Stei, akabaki hapo. Kam hia, akaenda. Akarushiwa biskuti.

Panga ikanianguka. Hiyo mbwa mama yake ni wa Kapsoit, mbwa ya kawaida ya kulinda mahindi. Haijaingia darasa hata moja. Hakuna wa kuitafsiria. Na inasikia Kiingereza kuliko Johana! Basi shida si watu, shida ni njia. Hapana ubao, hapana Kiswahili. Unasema, unaonyesha, unatoa biskuti.

Nimejificha nyuma ya maua mpaka saa sita nikikusanya maneno. Nimepata saba. Raja ameniona, hakubweka. Sijui anataka nini.

Alhamisi, 4 Julai

Njia inafanya kazi mpaka naogopa. Biskuti sina, natumia vipande ya viazi tamu. Wanakaa, wanabaki, wanakuja. Mzee Chepyegon, na goti zake mbaya, alikaa mara nne kwa sababu ya kiazi.

Mama Bochaberi akauliza maneno nimetoa wapi. Nikasema kwa Bwana mwenyewe, vile anaongea nyumbani. Akafurahi, akasema basi hii ndiyo ya kweli, si ile ya kuimba. Hakuuliza Bwana anaongea na nani. Sikumwambia.

Johana alikuwa nyuma ya magunia akisikiza. Hakucheka. Johana asipocheka, anapanga kitu.

Jumamosi, 6 Julai

Watu wa Johana waliimba. Bwana akauliza mmoja jina lake, akajibu yu aa. Nikafurahi dakika moja.

Zamu yetu. Bwana alikuja na Raja! Nikasema sit. Watu kumi wakakaa. Raja naye akakaa, mwisho ya mstari, karibu na Mzee Chepyegon. Nikasema kam hia. Wakaja kumi na moja. Raja akapata kiazi ya kwanza.

Bwana akawa mwekundu kuanzia shingo. Johana akaeleza, kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba huyu kijana amewafundisha wazee wa watu Kiingereza ya mbwa. Watu wangu wakaniangalia. Heri wangenipiga. Bwana akaniuliza darasa gani. Mdomo ikasema la pili. Akasema Jumatatu asinione.

Jumatatu, 8 Julai

Nilikunja blanketi mapema nipite bila kuonekana. Pale mizani nikakuta watu wangu kumi wamekaa chini, vikapu tupu. Mama Bochaberi akaniita. Nikaenda, blanketi kwa bega.

"Ogeto, umetukosea sana. Hiyo tutamalizana na wewe sisi wenyewe, wala si Bwana," akasema. "Kaa hapa."

Nikakaa. Mnyapara akapiga kelele. Bwana akaja mbio, akaita kam hia, kam hia. Mzee Chepyegon akataka kuinuka. "Stei," Mama Bochaberi akamwambia. Akabaki. Kufika saa nne hata watu wa Johana walikuwa wamekaa. Na majani ya chai haingoji, ikikaa siku mbili inakuwa ngumu kama ngozi. Bwana anajua. Nilikuwa katikati yao nikitamani kufa.

Mama Bochaberi akamwambia hakuna kuchuma mpaka nirudishwe na waletewe mwalimu, na saa saba Bwana akakubali. Mimi nitabaki kukata nyasi. Stoo, hapana. Na watapata mwalimu wa kweli kutoka shule ya Kabianga. Halafu Mama Bochaberi akanimaliza kwa maneno mbele ya wote, nusu saa, kwa Kikisii. Mwisho akasema nitakuwa mwanafunzi, nikae mbele kabisa.

Alhamisi, 11 Julai

Mwalimu wa Kabianga ni polepole. Siku mbili tuko kwa dirisha na mlango tu. Kwa mwendo hii nitazeeka na panga mkononi.

Lakini leo Memsahibu, bibi ya Bwana, ameletewa farasi. Anaipapasa shingo, anaongea nayo kwa upole, maneno ndefu ndefu. Farasi inapiga teke, na mimi naogopa teke. Lakini ni mnyama mkubwa kuliko mbwa mara kumi. Kiingereza yake lazima ni ya darasa la nane.

Kesho nitajificha nyuma ya zizi.