Kufika Kabla ya Kuondoka

Jumatatu, 9 Septemba

Aili wangu,

Kaka yako Toivo amepiga simu kutoka Dryden. Jumamosi, saa saba mchana, tunakurudisha kwenye ziwa la utotoni mwako. Alitaka kuja huku Thunder Bay kuchukua majivu yako mwenyewe, maana shemeji Reino atachelewa hata maziko yake. Ati mimi! Nimekataa. Amesema haya, shemeji, ila mchungaji hamngoji mtu; ukichelewa utamwaga peke yako, wewe na bata. Siwezi kuchelewa tena, Aili. Aprili nilifika kitandani kwako hospitalini, umeshaondoka dakika kumi zilizopita. Nilikuwa natafuta pa kuegesha gari.

Jumatano, 11 Septemba

Nimempatia Toivo dawa. Ndege! Barabarani ni kilomita mia tatu na hamsini, mwendo wa saa nne. Angani hazifiki mia tatu, dakika hamsini tu. Dada wa tiketi amesema inaruka saa sita na nusu, inatua saa sita na dakika ishirini. Nimemwuliza mara tatu. Amesema mzee, saa za Dryden ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hata watoto wanajua. Najua! Nimeishi na mtu wa Dryden miaka thelathini na tisa. Lakini kufika dakika kumi kabla ya kuondoka? Nimechora kwenye bahasha. Nimechora tena. Sijaona zinatoka wapi. Nimekata tiketi.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeoka pulla yako, ule mkate mtamu wa iliki. Imetoka tofali. Kesho nitavaa saa yako ya mkononi, ikusindikize nyumbani. Kamba haifiki, nimeunga kwa uzi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilikuwa uwanjani mapema. Saa yako: tano na robo. Saa nzima na robo mkononi! Nikakaa mgahawani, boksi lako kiti cha pili, nikaagiza kahawa mbili kama zamani. Nikasikia wanaita Reino Lahtinen. Nikadhani wanawahi tu. Ndege ikapita dirishani. Nikaipungia mkono.

Dada wa tiketi akaja mbio. Mzee, tumekuita mara nne! Nikamwonyesha saa. Akauliza hiyo ni saa ya wapi.

Ya Dryden. Hukuibadili tangu harusi. Ulisema unataka kujua mama yako anakula saa ngapi.

Ikabidi pikapu yangu. Saa nne barabarani, wewe pembeni, mkanda umekufunga. Nilikuomba radhi njia nzima. Nikafika saa kumi kasorobo, kwa saa yako. Mchungaji ndiyo kwanza anashuka garini! Toivo alicheka mpaka akashika mti. Ibada ilikuwa saa kumi tangu mwanzo. Wewe ndiye ulimwagiza Toivo, mwezi wa Machi: Reino mtajie saa tatu kabla ya wakati wenyewe, na usimwambie. Nikalia, sijui kwa hasira au kwa nini. Toivo akanishika bega. Haya, shemeji, leo umewahi.

Maji yalikuwa matulivu. Bata walikuwepo.

Jumapili, 15 Septemba

Toivo anataka nije tena Krismasi, kwa gari, taratibu. Gari! Nimetoa bahasha yangu. Kila ndege ya kuja huku inanipa dakika kumi bure, na mimi Aprili nilipungukiwa kumi tu. Safari moja inatosha. Ya kurudi inazila zote, lakini hilo nitalipigia hesabu baadaye. Nimeshampigia dada wa tiketi. Ameniuliza nina saa gani. Nimemwambia ile ile, sijaigusa.

Nikumbuke huko, Aili, kwa saa zozote mnazofuata.