Matusi Kwenye Kichwa cha Redio

Mwaka huo kaseti ya wahuni wa Marekani iliingia Nachingwea ikitokea Dar, na kabla msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho haujaisha, ilikuwa imeharibu kila kijana mwenye suruali. Walizishusha mpaka nusu ya makalio, wakavaa miwani myeusi shambani, na mmoja wa Nambambo akamwamkia mjomba wake kwa vidole viwili. Maneno ya nyimbo hakuna aliyeyajua. Ila mwalimu mmoja aliyesoma Kiingereza alisikiliza nusu dakika, akazima redio, akakataa katakata kutafsiri. Hapo mji mzima ukajua kwamba ni matusi makubwa.

Kipriani alizipata habari hizo stendi, akiwa ndiyo kwanza ameshuka. Masasi walishamjua, Newala walishamjua, Lindi walikuwa wanamtafuta. Nachingwea ndio mji pekee uliobaki ambako angeweza kutembea mchana bila kuvuta kofia usoni, akaona autumie vizuri. Alinunua koti jeupe la mtumba, chupa ya spiriti na pamba.

Alianza na Mzee Shaibu, mwenye redio kaseti kubwa kuliko zote, aliyekuwa akiikodisha harusini. Tangu wanawe waipige kaseti ile, hakuna aliyemwita tena.

"Mzee wangu, kaseti umeichoma?"

"Nimeichoma, mwanangu. Na majivu nimeyafukia."

"Umefanya vizuri, ila umechelewa. Tusi la Kiingereza ni zito. Kaseti inatoka, lenyewe linabaki kwenye kichwa cha redio. Siku ukiweka kaswida, litajichanganya humo humo."

Akalowesha pamba, akapangusa kile kichuma kinachosoma mkanda. Pamba ikatoka kahawia. Redio yoyote iliyopigwa mwaka mzima hutoa uchafu huo, lakini mzee hakuwahi kuuona, na aliona aibu kama aliyekutwa na kunguni kitandani.

"Ndiyo yenyewe haya?"

"Haya ya juu juu. Yaliyokolea yanataka mashine, na mashine iko Ruangwa. Redio ikirudi utapata na cheti cha usafi."

Cheti ndicho kilichommaliza mzee. Aliziona harusi zote za msimu wa korosho zikimfuata yeye peke yake. Majirani nao hawakukubali kuachwa nyuma na uchafu wao, na kesho yake Kipriani alipanda lori na redio tisa kwenye magunia, watu wakimwombea safari njema. Lori liliharibika Nanganga, likalala huko. Habari hazikulala, zikamtangulia kufika.

Ruangwa alikwenda moja kwa moja kwa Raudha, mwenye duka la redio zilizotumika, mama asiyekuwa na desturi ya kuuliza kitu kimetoka wapi. Safari hii aliuliza.

"Za Nachingwea hizi?"

"Za popote, dada."

Raudha akachukua pamba yake, akapangusa. Kahawia. Wateja wawili wakarudi nyuma hatua moja.

"Huo ni uchafu wa mkanda tu," alisema Kipriani, na ilikuwa kweli tupu, kitu ambacho hakikuwa kimemtoka kinywani siku nyingi. "Matusi hayashiki kwenye chuma."

"Fundi wa Nachingwea kasema yanashika. Ana koti jeupe, wanasema anajua kweli. Sinunui. Lakini nitazisafisha, kazi hiyo nimeianza jana. Wewe utazirudisha, maana wewe wanakuamini, na ada nitapokea mimi."

"Nikikataa?"

"Mgambo yuko pale nje anakunywa soda. Mweleze yeye umezitoa wapi."

Jumamosi redio tisa zilirudi Nachingwea. Raudha aligawa vyeti na kufunga ada kwenye pindo la khanga. Mzee Shaibu akamshika Kipriani mkono mbele ya watu.

"Huyu ni mwaminifu. Mwingine angekimbia nazo."

Wakamletea redio nyingine kumi na nne, na hakuna hata mmoja aliyeomba risiti. Kipriani aliumia mpaka machozi yakamlenga. Maishani mwake hakuwahi kuaminiwa kiasi kile, wala kushindwa kufaidi kiasi kile. Raudha alisimama kando yake, akizihesabu kwa kidole.