Salamu Iliyoharibu Picha ya Ubongo wa Mama

Jamani, leo sura yangu nimeiacha hospitali. Hapa nimerudi na mabega tu.

Mama yangu, tangu mzee afariki, alinyamaza. Anakaa kule Misungwi anatazama ukuta. Unamwamkia, haitikii. Mama yule aliyekuwa anasalimia mpaka mbuzi! Sasa wamekuja madaktari na mtambo wa kupiga picha za ubongo. Wanachunguza wazee waliozama kwenye huzuni, waone huko kichwani kuna nini. Mimi tangu kiwanda chetu cha Nyakato kiuzwe, nafasi ninayo. Nikavaa suti ya mitumba (suruali imegoma kufunga, nikaweka pini), nikamleta hospitali.

Mama kalazwa ndani ya mtambo. Mimi, daktari na fundi wa mtambo tuko chumba cha pili, nyuma ya kioo. Daktari, dada mmoja mkali, akaniambia, "Kaka, hapa ni kimya. Bibi akitikisa kichwa tu, picha imeharibika."

"Ondoa shaka, daktari. Mimi mtu wa mjini."

Akabonyeza kitufe, akasema kwenye kipaza sauti, "Bibi, tulia hivyohivyo." Fundi naye, "Bibi, usitikisike." Nikashtuka. Watu wawili wanamwamuru mama yangu, na hakuna aliyemwamkia! Mtu mzima yule! Daktari alipogeuka, nikabonyeza.

"Shikamoo mama!"

Spika ikakoroma.

"Marahaba! Masanja? Uko wapi wewe?" Kichwa juu!

"Bibi, lala!" daktari anapiga kelele. Wapi! Mama ameshafunguka.

"Masanja, nani kakuruhusu kushika mitambo ya watu? Shule yenyewe uliikimbia darasa la sita, ukaenda kujificha kwenye ghala la pamba!"

(Lilikuwa la tano. Kanistahi.)

Spika inasikika mpaka nje kwenye benchi. Wazee waliokuja na huzuni zao wanacheka, mmoja kashika mbavu. Nikatolewa kwa kushikwa koti. Hapo ndipo pini ikachomoka.

Picha itarudiwa wiki ijayo. Mimi nimeambiwa niishie getini. Njia nzima mpaka hapa kwangu Pasiansi mama ananigombeza, na mimi natembea kifua mbele, suruali mkononi.

Mkinikuta pale getini, msinicheke. Ila mama akitoka, mwamkieni. Anaitikia.