Dhahabu ya Shimo la Choo

Jumatatu, 13 Oktoba 1975

Ushindi! Kiwanja cha kisimani ni changu. Lazima niandike jinsi nilivyokipata, maana mambo ya akili yakiachwa hivi hivi watu husema ni bahati.

Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya, mimi Mwinjuma, niliyekuwa karani wa mizani kwenye mkonge kule Mazinde, nimepangiwa kiwanja cha mwisho kabisa, juu mlimani, mawe matupu. Kisima kiko bondeni. Mke wangu Mwanaidi alipanda na ndoo siku chache, akaitua, akaenda zake kwa kaka yake Kwamsisi. Alisema hanichukii mimi. Anauchukia mlima. Nikipata nyumba karibu na maji nimwite. Nyumba bila Mwanaidi ni mbaya sana. Naunguza ugali kila siku na hakuna wa kunicheka.

Kiwanja kinachopakana na kisima alipewa Gregori, Mnyamwezi aliyezaliwa kambi ya mkonge. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi! Jioni, watu wakitoka shamba la ujamaa, nilikwenda nikaketi juu ya mawe yake ya msingi. Nikatangaza kwamba mgeni hanywi maji kabla ya mwenyeji, na kiwanja nimekiteka. Mtani akitekewa kitu chake hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake. Gregori alicheka mpaka akashika mti. Akasema haya, chukua, lakini siku yake na yeye inakuja.

Mzee Mhina, mwenyekiti wa kijiji, kakubali tubadilishane kwa sharti moja: kila mtu amalizie shimo la choo kwenye kiwanja anachokiacha. Kampeni ya vyoo haina utani. Nimemtuma muuza mihogo amwambie Mwanaidi aje Jumatano ya wiki ijayo. Ana baiskeli na ana mdomo. Ujumbe utafika.

Jumanne, 14 Oktoba

Kuchimba choo atakachokalia Gregori! Sijawahi kufanya kazi ya uchungu kama hii. Nilichimba kwa hasira mpaka jembe likagoma kwenye mwamba. Nikachukua mtaimbo. Nikapiga. Kipande kikabanduka.

Kiling'aa.

Nimekaa chini. Nimeinuka. Nimekaa tena. Mwamba wenyewe mweusi, lakini pale mvua ilipopenya na kuuozesha kuna magamba ya njano, yanawaka juani. Dhahabu! Kwenye choo changu! Yaani choo cha Gregori! Mungu wangu, kiwanja nimekwisha kukigawa.

Nimefunika shimo kwa majani. Halafu, kwa kuwa mimi si mtu wa pupa, nimefanya vipimo. Kwanza nimeuma. Dhahabu ya kweli huumwa, kila mtu anajua hilo. Imevunjikia mdomoni vipande vyembamba kuliko karatasi. Basi hii imekuja tayari imekatwa. Pili, ukucha. Nimekwaruza kwa nguvu, alama imebaki kidogo. Dhahabu ni laini! Tatu, nimebandua gamba moja, nikalikunja. Likakunjika. Nikaliachia. Likarudi kama lilivyokuwa. Dhahabu yenye adabu.

Najua madini ni mali ya Taifa. Lakini Taifa bado halijaliona shimo lenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Sikulala. Asubuhi nimekwenda kwa Mzee Mhina, nikampa shikamoo ndefu, nikaomba asimamishe watu kabla hawajatawanyika kwenda shambani.

Nilihutubia. Nilisema usiku mzima dhamiri imenichoma. Inakuwaje mimi, mwanamume mwenye afya, nikae kando ya maji, na mwenzangu Gregori, ambaye mkewe Grasiana ni mjamzito, apande mlima? Je, huo ndio ujamaa? Hapana! Nikasema narudi kwenye mawe yangu kwa hiari. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Hata mimi nilijisikia mtu mwema, na hisia hiyo ni tamu, sikatai.

Gregori hakupiga makofi. Aliniangalia. Kisha akasema siku yake imefika. Kiwanja cha mawe sasa ni mateka wake, na mateka hukombolewa. Anataka jogoo. Watu wakashangilia zaidi kuliko walivyoishangilia hotuba. Ningekasirika ningeaibika mbele ya kijiji kizima.

Jogoo pekee niliye naye ni wa Mwanaidi. Mwekundu, mkia mrefu, alimlea kutoka kifaranga na alipoondoka aliniachia kwa maneno makali. Nimemtoa. Nitamnunulia banda zima la jogoo.

Sasa kuna jambo dogo. Mwanaidi keshaitwa, na ameambiwa nyumba iko kisimani. Nimemkimbilia muuza mihogo. Alikwishaondoka tangu jana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kipimo kikubwa: kuosha. Dhahabu ni nzito, huzama chini ya karai, mchanga ukaenda na maji. Ila maji yapo bondeni na dhahabu ipo juu. Nimepanda na debe kichwani. Nimeshuka. Nimepanda tena. Magoti yanalia. Sasa namwelewa Mwanaidi kidogo, ingawa yeye alizidisha maneno.

Kisimani Grasiana aliniuliza mtu anayeishi peke yake anafanyia nini maji yote hayo. Nikamwambia naoga. Akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, akasema labda bado hujaanza.

Nimeponda mawe, nimeyatia karaini, nimezungusha kama wafanyavyo wachimbaji. Mchanga mweusi ulizama. Magamba ya njano yalielea, yakazunguka yakicheza, yakamwagika na maji yote mlimani. Karai likabaki na mchanga.

Nimefikiri sana. Nimepata jibu. Dhahabu ya huku kwetu Handeni ni nyepesi. Faida yake ni kwamba haitanisumbua kubeba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Korogwe! Nimepanda basi na magamba nimeyafunga kwenye leso, leso ndani ya kofia, kofia kichwani. Nimeswali Ijumaa huko huko bila kuinama sana, jambo lililomuudhi jirani yangu.

Baada ya swala nimeingia kwa sonara, mzee mwenye miwani miwili. Nimemwambia nina rafiki, ana kitu, anataka kujua. Nikafungua kofia. Yule mzee alisugua gamba kwenye jiwe lake jeusi. Dhahabu huacha mstari wa njano. Hii iliacha vumbi jeupe. Kisha akaweka kipande kwenye fuawe na kugonga kwa nyundo. Akaeleza kwamba dhahabu ikigongwa hutanuka. Yangu ikawa unga. Akapuliza, ikaenda.

Akasema ni ulanga. Akasema watoto huchezea. Akasema rafiki yangu asijisumbue. Na akacheka, tena akamwita mkewe aje acheke naye.

Lakini mimi nimefanya kazi ya mizani, nawajua wanunuzi. Anayetaka kitu kwa bei ya chini hukicheka kwanza. Kicheko kile kilikuwa kikubwa mno. Basi mali ni kubwa mno! Nimeondoka nikiwa na moyo mkunjufu. Njiani kofia ilinidondoka dirishani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Gari la serikali lilifika. Ndani yake Bi Kudra, msomi wa miamba, katumwa kutazama kama kijiji kinaweza kupata kisima cha pili. Kijana, suruali, nyundo kiunoni. Nikaona bahati imenifuata nyumbani. Mpango: nimpeleke kando, nimwonyeshe kipande, nimtege anitajie thamani bila kujua kilikotoka.

Nilimwambia kimepatikana mbali sana. Akatazama kucha zangu zilizojaa magamba. Akatazama mlimani. Akapanda moja kwa moja mpaka shimoni, Mzee Mhina nyuma yake, Gregori nyuma ya Mzee Mhina, na kijiji nyuma ya Gregori.

Bi Kudra aliingia chooni mwangu bila kusita. Akagonga, akatazama kwa kioo chake kidogo. Kisha akageuka kuwa mwalimu. Alisema ni ulanga. Akasema ulanga si jiwe moja, ni ukoo. Yupo mweupe, yupo mweusi, wapo wengine, na wote wana alama ile ile: wamepangwa tabaka juu ya tabaka, ukitia ncha ya kisu wanabanduka kurasa kwa kurasa, na ukurasa ukikunjwa unarudi. Huyu ni mweusi. Akinyeshewa miaka mingi anaoza na kuwa wa njano, na hapo, alisema, huwadanganya watu wasiofikiri.

Hakunitaja. Hakukuwa na haja. Kila mtu alichukua kipande akawa anabandua. Mzee Mhina alibandua chake kwa utulivu, akanitazama, akasema sasa ameielewa ile hotuba ya ujamaa. Gregori alilala chini. Kweli, alilala chini akapiga ardhi kwa mikono. Nilitamani shimo lile liwe limekamilika nijitumbukize.

Kuhusu kisima cha pili, Bi Kudra alisema mlimani hapa hakuna tumaini. Mwamba mzima.

Watu waliposhuka, Gregori alibaki. Akanifuta vumbi begani. Akasema utani umetosha, yeye bado hajainua ukuta hata mmoja kule kisimani. Grasiana anataka wakae karibu na dada yake, upande wa barabara, na wamekwisha kuongea na mwenyekiti. Nikichukue tu kiwanja cha kisimani, bila jogoo. Mwanaidi aje akute maji mlangoni.

Sikutegemea. Nilimwambia nitampa jibu kesho, kwa sababu mtu hapokei kitu hivi hivi kama hana hadhi.

Jumanne, 21 Oktoba

Nilikwenda kumpa Gregori jibu la ndiyo. Naandika hili ili ijulikane kwamba nilikuwa tayari.

Njiani nikamkuta Bi Kudra anapakia vitu vyake garini. Nikamuuliza, kwa ustaarabu tu, huo ulanga umeumbwa kwa vitu gani hasa. Si mtu wa kinyongo, akanieleza. Ndani yake mna silika, kama ya mchanga. Mna potasi. Mna magnesi. Mna chuma, chuma ndicho kinachoufanya uwe mweusi. Mna alumini.

Nikamsimamisha. Alumini ile ya masufuria? Akasema ile ile, ila imefungamana na vingine, kuitoa humo hakulipi. Nikamwambia endelea.

Akasema na mwisho, mna maji kidogo.

Maji! Ndani ya jiwe! Nikamuuliza tena, akarudia: maji, lakini si ya kuteka. Yameshikamana na jiwe lenyewe, hutoka kwa moto mkali kupita jiko lolote la nyumbani. Akasema tafadhali nisianze. Akapanda gari akaondoka.

Nilisimama barabarani muda mrefu. Mlima mzima! Chuma cha majembe, alumini ya masufuria, na maji. Mwanaidi anataka nini duniani? Maji karibu na nyumba. Kiwanja cha kisimani kina maji karibu na nyumba. Mimi nina nyumba juu ya maji!

Nimekwenda kwa Gregori nikamwambia asante, hapana. Hakucheka. Hilo ndilo lililonishangaza, mtani mzima kushindwa kucheka. Mzee Mhina alikuwepo. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia huu msala haupiti, ni mwamba. Akasema basi kiwanja cha kisimani atapewa Habakuki fundi baiskeli, na neno hilo halirudi nyuma. Nikasema apewe.

Jumatano, 22 Oktoba

Mwanaidi amekuja. Kanga mpya, mzigo kichwani, kapendeza mpaka nikasahau nilichopanga kusema. Alikwenda kisimani moja kwa moja kama alivyoambiwa. Akamkuta Habakuki anapima msingi. Kwenye kibanda cha muda cha Gregori, upande wa barabara, akamkuta jogoo wake mwekundu amefungwa mguu. Jogoo alimtambua.

Amepanda mlimani bila mzigo. Nilimweleza kila kitu: ukoo wa ulanga, tabaka, chuma, alumini, maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kiwanja cha kisimani kingeweza kuwa chetu jana. Nikasema ndiyo, lakini. Hakusubiri kilichofuata neno lakini. Machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka, maana sipendi kumwona analia. Akasema analala kwa Grasiana, asubuhi atarudi Kwamsisi pamoja na jogoo. Siku maji yatakapotoka kwenye jiwe nimwite, atakuja kuyanywa.

Amesema mwenyewe! Siku maji yatakapotoka! Hakufunga mlango.

Nimeanza mara moja. Nimeponda ulanga, nimeutia sufuriani. Nimeongeza vikombe vitatu vya maji ya kisima ili ulainike. Nimekoka moto mkubwa, nimetumia nguzo za nyumba, nitakata nyingine. Nimechemsha kitambo kidogo. Nimepima. Vimebaki vikombe viwili.

Kwanza nilifadhaika. Halafu nikaelewa. Jiwe limekaa na kiu miaka yote hiyo. Lazima linywe kwanza ndipo litoe. Nashuka kisimani na debe kulichotea zaidi.